Shoka, Msumeno na Misitu ya Uasin Gishu

Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo yamfaa mvivu atafutaye sababu ya kutoingia shambani. Lakini ukiichukua mpaka msituni, ewe msomaji, itakupoteza. Kwa maana mkata miti asiyechagua chombo chake huumiza watatu kwa mara moja: hujiumiza mwenyewe, huuharibu mti, na huwadhulumu watu watakaokuja baada yake. Nataka kukuonyesha ukweli huo kwa habari za mji wa Eldoret na uwanda wa Uasin Gishu unaouzunguka. Huko, katika muda unaozidi kidogo miaka mia moja, watu wamepita kutoka shoka la mkono mpaka mashine za leo, na kila chombo kimeacha alama yake juu ya nchi.

Kwanza itazame nchi yenyewe. Uwanda huo umeinuka mita 2,000 na zaidi juu ya bahari. Sehemu yake kubwa ilikuwa majani matupu, na misitu ilikaa pembezoni: Timboroa na Kaptagat upande wa kusini na mashariki, na milima ya Cherangani upande wa kaskazini. Jina la Uasin Gishu lilitokana na Wamasai waliochunga ng'ombe wao huko kabla Wanandi hawajaishika nchi. Karibu na misitu ya mashariki waliishi Wakeiyo. Mtu aliyetaka nguzo ya nyumba au mzinga wa nyuki alichukua shoka lake, akautafuta mtarakwa, ambao kwa lugha ya huko huitwa tarakwet, akaukata kwa jasho lake. Kuangusha mti mkubwa kwa shoka dogo ni kazi ya kuchosha mno, na kwa hiyo mtu hakuthubutu kuianza ila alipokuwa na haja ya kweli. Shoka lilikuwa zito kwa mkono wa mwanadamu, lakini lilikuwa jepesi kwa msitu.

Mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika ya Kusini, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, waliupanda uwanda huo kwa magari ya maksai wakitokea Nakuru. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa katika shamba lililokuwa na namba 64, na mwaka 1912 mahali hapo palipewa jina la Eldoret, ingawa wenyeji wengi waliendelea kupaita Sisibo kwa kuifuata sauti ya namba ile ya Kiingereza. Reli ilikuwa mbali, huko Londiani, na wakati wa masika magari yalizama matopeni njiani. Ikawa hapana budi mbao zipatikane papo hapo.

Chombo cha wakati huo kilikuwa msumeno wa shimo. Gogo huwekwa juu ya shimo refu. Mtu mmoja husimama juu yake akiongoza mstari, na mwenzake husimama shimoni akivuta kwenda chini, huku unga wa mbao ukimwangukia machoni. Ni kazi ngumu, walakini ina faida kubwa. Mtu mwenye shoka na tezo hulichonga gogo zima apate ubao mmoja au miwili, na kilichobaki ni vibanzi vya kuwashia moto. Wenye msumeno hupata mbao nyingi katika gogo hilo hilo. Hapo tunajifunza jambo la kwanza: chombo bora hakipimwi kwa wepesi wa kukata peke yake, bali pia kwa kile kinachobakia baada ya kukata.

Mwaka 1924 reli ilifika Eldoret, baada ya kuvuka mwinuko wa Timboroa ulio zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Reli ilileta mambo mawili pamoja. Ilifungua njia ya kupelekea mbao mbali, na yenyewe ilikuwa na tumbo kubwa la kulishwa, kwa sababu magari-moshi ya siku zile yalikula kuni. Hali kadhalika vilikuja vinu vya kupasulia mbao vyenye misumeno ya duara, vikiendeshwa kwa mvuke na baadaye kwa injini za mafuta. Kazi iliyowachukua wawili wa shimoni kutwa nzima, msumeno wa duara uliimaliza kwa muda mfupi.

Basi msitu wa asili, ambao mtarakwa wake huchukua miaka mingi sana kukomaa, usingeweza kwenda mbio na mashine hizo. Idara ya misitu, iliyoanzishwa mwaka 1902, ilikuwa imekwisha kuona hatari hiyo. Tangu mwaka 1910 ilitumia mpango ulioitwa wa mashamba: mkulima aliruhusiwa kulima mahindi na viazi katika sehemu iliyokatwa miti, akapanda na kuitunza miche kati ya mazao yake, na miche ilipokua akahamia sehemu nyingine. Kwa njia hiyo ilipandwa misonobari, na misanduku ambayo mbegu yake ya asili ni ya Mexico, miti ambayo huweza kupasuliwa mbao baada ya miaka thelathini hivi. Zingatia jambo hili, msomaji: mashine mpya ya kukata ilidai mpango mpya wa kupanda. Mahali popote panapopokea mashine bila kuweka mpango, msitu ndio unaolipa deni.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kila kazi ya miti ilitaka mashine. Katika nchi ya Eldoret yalikuwako mashamba makubwa ya muwati, mti ambao ganda lake hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Kampuni ya East African Tanning Extract ilikuwa na kiwanda mjini humo. Kiwandani palikuwa na mitambo mikubwa. Lakini ganda lenyewe lilibanduliwa shambani kwa panga na kwa mikono, kwa kuwa ganda bichi la mti wenye utomvu huvutika lenyewe kama ngozi ya mnyama. Mchagua chombo mwenye busara huangalia kwanza kazi, kisha chombo. Haanzi na mashine akaitafutia kazi.

Sasa tufike kwenye chombo ambacho huenda umekisikia kikilia mabondeni: msumeno wa mnyororo. Mwaka 1926 Andreas Stihl, Mjerumani wa mji wa Stuttgart, alitengeneza msumeno wa namna hiyo ulioendeshwa kwa umeme, na mwaka 1929 akatoa wa petroli. Ilikuwa misumeno mizito ya kubebwa na watu wawili. Mwaka 1950 ukapatikana wake wa petroli wa kutumiwa na mtu mmoja. Katika muda huo huo Mmarekani Joseph Cox, mkata miti na mnoa misumeno, alimwona funza wa mdudu akitafuna gogo, upande wa kushoto na upande wa kulia kwa zamu, wala hakusumbuliwa na mwelekeo wa nyuzi za mti. Aliigiza taya za funza yule katika chuma, na mnyororo wake ukaanza kuuzwa mwaka 1947. Minyororo mingi ya leo ni ya ukoo huo.

Msumeno huo ulimwondolea mwanadamu jasho, ukamletea hatari mpya. Mtetemo wake wa siku nyingi uliharibu mishipa ya mikono mpaka vidole vikawa vyeupe na kufa ganzi. Kwa hiyo tangu katikati ya miaka ya 1960 watengenezaji walianza kutia mipira kati ya injini na vishikio. Tena ncha ya upanga wake ikigusa kitu kigumu, msumeno mzima huruka kuelekea uso wa mtumiaji. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliongezwa breki ya kuusimamisha mnyororo ghafula. Mtu anunuaye msumeno wa zamani usio na breki kwa kuwa ni rahisi, amejiuza mwenyewe kwa bei hiyo.

Na matumizi yake yana adabu. Mkataji hodari huuzunguka mti kwanza, akatazama umeinamia wapi, na upepo unavuma kutoka wapi, na kama kuna tawi kavu juu ya kichwa chake. Husafisha njia ya kukimbilia, iendayo nyuma kwa mshazari. Kisha hukata pengo upande ambao mti utaangukia, lenye kina cha kama robo ya unene wa shina. Halafu huenda upande wa pili akakata juu kidogo ya pengo hilo, lakini hakati mpaka mwisho: huacha ukanda wa mti usiokatwa, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya unene, na ukanda huo hufanya kazi kama bawaba ya mlango. Ndio unaouongoza mti mpaka chini. Asiyejua akiukata wote, mti huzunguka na kuanguka utakako wenyewe. Kofia ngumu, viatu vizito, kinga ya macho na ya masikio si mapambo. Ni sehemu ya chombo.

Kuna kosa jingine, nalo hugharimu msitu zaidi kuliko mtu. Watu wengi huutumia msumeno wa mnyororo si kwa kuangusha mti tu, bali pia kwa kuupasua mbao, maana ni rahisi kubeba na hautaki kinu. Chukua kalamu tufanye hesabu. Mnyororo hula kiasi cha milimita 8 za mti katika kila mkato. Ukipasua mbao zenye unene wa milimita 25, basi kwa kila ubao umetumia milimita 33, na 8 kati ya hizo zimegeuka unga. Hiyo ni karibu robo ya gogo. Msumeno wa ukanda, ulio mwembamba, hula kiasi cha milimita 2. Kwa ubao ule ule umetumia milimita 27, na hasara haifiki sehemu moja ya kumi. Katika miti minne, mwenye mnyororo amemwaga karibu mti mzima chini kama unga. Mashine za kutengenezea mbao za tabaka, kama zile za kiwanda cha Raiply huko Eldoret, hufanya kwa njia nyingine kabisa: hulizungusha gogo mbele ya kisu kirefu, likamenyuka kama mkeka unaokunjuliwa, pasipo unga.

Mambo hayo yamepata walimu wake papo hapo. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanza karibu na Eldoret mwaka 1984, wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 83 wa elimu ya misitu, waliohamishwa kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Lakini elimu peke yake haikuyazuia mashoka. Mwaka 1999 serikali ya Kenya ilikataza ukataji katika misitu yake, ikayaruhusu makampuni makubwa machache, Raiply ikiwa mojawapo, na wenye vinu vidogo wengi wakakosa kazi. Mwezi wa Februari 2018 ukataji katika misitu ya umma ulisimamishwa tena. Mwezi wa Julai 2023 rais alitangaza kuiondoa amri hiyo, na mabishano juu yake yakafika mahakamani. Kila upande ulikuwa na neno la haki: mmoja ulililia mito itokayo katika misitu hiyo, mwingine ulililia chakula cha watoto na miti iliyokomaa inayooza ikisimama. Husemwa kuwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Na amri ya namna hiyo ilimkata mwaminifu pamoja na mwizi, kwa sababu watu hawakujiwekea kiasi wenyewe.

Basi, msomaji, siku moja huenda ukaitwa kuchagua chombo cha kazi hiyo, kwa ajili ya shamba la baba yako, au la ushirika, au la serikali. Uliza maswali manne. Mti ni mnene kiasi gani, na unatakiwa uwe nini? Mtu atakayekishika chombo amefundishwa? Kikivunjika, kitatengenezwa wapi, na vyuma vyake vitapatikana? Na baada ya magogo kuvutwa, udongo utabaki laini, au trekta zito litaukandamiza hata mche usiweze kuota, mahali ambapo maksai wawili wangetosha?

Kisha uliza swali la tano, ambalo shoka la Wakeiyo halikuwa na haja ya kuliuliza kwa kuwa lilijibiwa na uchovu wa mkono. Mwenye umri wa miaka kumi na mitano akipanda msanduku leo, atakuwa na miaka arobaini na mitano siku ya kuupasua. Msumeno wa mnyororo utauangusha kwa dakika chache tu. Katika dakika hizo hapana chombo kitakachokuambia kuwa inatosha. Neno hilo sasa ni lako wewe kulisema.