Kambi na Viporo vya Msimbazi

Mechi ya watani wa jadi, Simba na Yanga, ikikaribia, Kariakoo hakuna kulala. Ndiyo maana kwa miaka mingi viongozi wa Simba, klabu iliyoanzishwa 1936 na kuitwa Sunderland kabla ya kubadili jina 1971, walikuwa wakiwahamisha wachezaji kutoka makao yao ya Mtaa wa Msimbazi na kuwavusha bahari hadi Unguja. Yanga nao wamewahi kujificha Pemba.

Kwa maneno ya viongozi, timu ilikwenda "kujifua". Mazoezi yalikuwepo kweli, asubuhi na jioni, lakini faida kubwa ya kambi ilikuwa usingizi: hakuna ndugu anayegonga mlango kuomba tiketi, hakuna shabiki anayempangia mtu kikosi mlangoni kwake. Hofu ya hujuma na ushirikina ilikuwa na sehemu yake pia, ingawa haikutajwa kwenye taarifa za klabu.

Kasoro yake ni kwamba kambi ilihesabu siku za kabla ya mechi tu. Nani alihesabu za baada yake?

Msimu wa 2018/19 ulilazimisha hesabu hiyo. Ligi Kuu ilikuwa na timu 20, mechi 38 kwa kila moja, na Simba ya kocha Mbelgiji Patrick Aussems ikaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Ikapigwa 5-0 Kinshasa na AS Vita, kisha 5-0 tena na Al Ahly Misri. Februari 12 Waarabu hao wakafa 1-0 Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, bao la Meddie Kagere. Siku nne baadaye Simba wakakutana na Yanga na kushinda 1-0, Kagere tena.

Huku nyuma viporo, yaani mechi za ligi zilizoahirishwa, vilirundikana. Mashabiki wa Yanga walilalamika kwamba mtani anabebwa, maana anacheza akijua wenzake wamevuna nini. Hoja ina uzito kidogo, lakini inasahau miguu. Baada ya kutolewa robo fainali na TP Mazembe, 4-1 Lubumbashi Aprili 13, Simba walirudi kulipa deni: mechi juu ya mechi, na safari za mikoani katikati, hadi mwisho wa Mei. Kambi ya Unguja isingesaidia hapo. Kilichosaidia ni benchi pana, lenye Kagere, Emmanuel Okwi na John Bocco wa kupokezana mzigo wa mabao, na ubingwa ukabaki Msimbazi.