Sare katika sataranji

Sare ni matokeo ya mchezo wa sataranji usio na mshindi. Kila mchezaji hupata nusu pointi. Hutokea mwenye zamu anapokosa hatua halali huku mfalme wake hashambuliwi, au hali ileile ya ubao inapojirudia mara tatu na mchezaji akaidai.

Wachezaji wanaweza pia kukubaliana, na hapo ndipo adabu inapopimwa. Kwa kanuni za FIDE, shirikisho la kimataifa la sataranji, mwenye zamu husogeza kete kwanza, hutamka ombi la sare, ndipo hubonyeza saa. Hawezi kulifuta. Mpinzani hulikataa kwa mdomo, au kwa kugusa kete anayotaka kuicheza. Wote wawili huandika (=) kwenye karatasi zao. Kurudiarudia ombi ni kumvuruga mwenzako anayefikiri. Ni utovu wa adabu, na mwamuzi anaweza kuadhibu.

Sare zikizidi huchosha. Wachezaji Karpov na Kasparov walitoka sare mara 40 katika michezo 48 ya kuwania ubingwa wa dunia ya 1984–85, na shindano likasimamishwa bila mshindi. Mwaka 2005, mashindano ya Sofia, Bulgaria, yalipiga marufuku wachezaji kuombana sare.