Azory Gwanda na Shaka Dhidi ya Kauli Rasmi: Kibiti, 2017

Mauaji yaliyozikumba Kibiti, Rufiji na Mkuranga, hasa mwaka 2016 na 2017, yaliwalenga viongozi wa vijiji na askari; polisi wanane waliuawa Jaribu tarehe 13 Aprili 2017. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeandikia Mwananchi kutoka Kibiti, aliripoti mauaji hayo. Tarehe 21 Novemba 2017 alitoweka. Kwa maelezo ya mkewe, alimfuata shambani akiwa ndani ya gari jeupe, akaulizia ufunguo wa nyumba na kuaga kwamba ana safari ya dharura.

Julai 2019, Waziri wa Mambo ya Nje, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC kuwa Azory alitoweka na kufariki; baadaye akafafanua kwamba kauli yake ilichukuliwa isivyo. Uvumi haukukosekana Kibiti, na si kila shaka ina uzito. Hata hivyo, waliouliza Azory yuko wapi walikuwa na tarehe, shahidi na swali moja mahsusi. Kuwahesabu miongoni mwa wazushi ni kosa la kimbinu, maana kauli rasmi yenyewe ilihitaji kufafanuliwa upya.