Fidia ya Serikali kwa Waliodhuriwa na Wahalifu: Maana Yake na Hukumu Yake

Bismillahi Rahmani Rahim. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Masahaba wake.

Tumekuwa tukiulizwa, hasa na familia zenye jamaa wanaoishi Uingereza: mtu akiuliwa au akijeruhiwa huko, na serikali ikatoa fidia, je, ni halali kuipokea? Wapo wanaoona kuwa ni kula pesa ya damu.

Maana yake

Fidia hii ni mali inayotolewa na dola, si na mhalifu. Hupewa aliyejeruhiwa au jamaa wa karibu wa aliyeuliwa. New Zealand iliiwekea sheria mwaka 1963, na Uingereza ikaanza mpango wake 1964. Kwa mpango wa mwaka 2012, unaohusu England, Scotland na Wales, malipo huanzia paundi 1,000 na hayazidi 500,000. Si lazima mhalifu akamatwe wala ahukumiwe. Lakini tukio liripotiwe polisi mapema na, kwa mtu mzima, ombi lipelekwe ndani ya miaka 2.

Asili yake katika sheria yetu

Dia imetajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 92, kwa aliyeua kwa makosa. Ama muuaji asipojulikana, tunacho kisa cha Abdullah bin Sahl (RA), kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Alikutwa Khaybar ameuliwa. Jamaa zake hawakumuona muuaji, kwa hivyo hawakuweza kuapa, na viapo vya Mayahudi wa pale hawakuviridhia. Mtume (SAW) akachukia damu yake ipotee bure, akawalipa ngamia 100. Katika baadhi ya riwaya, walikuwa ngamia wa sadaka. Hapa ndipo wanazuoni wengi walipochukua dalili kuwa Baitul-mali ina nafasi pale asipopatikana wa kulipa.

Hukumu ya kuipokea

Tunaona ni halali, wala si kuuza damu. Anayeipokea hajamsamehe muuaji, na kesi haifutiki. Lililo haramu ni kuongeza majeraha kwa maneno au kuleta ushahidi wa uongo.

Kuhusu kugawana, kuna tofauti ya kuangaliwa. Dia hurithiwa kama mali nyengine ya marehemu, baada ya madeni na wasia. Lakini Uingereza malipo ya msiba hupewa mtu kwa jina lake, kama mume, mke, mzazi au mtoto: paundi 11,000 akiwa peke yake, au 5,500 kila mmoja wakiwa zaidi. Hiyo ni mali ya aliyepewa, si mirathi, na ndugu wengine wasimdai. Fungu la yatima liwekwe kwa ajili yake. Mlezi asiligeuze lake.

Kwetu visiwani

Hapa mahakama inaweza kumuamuru aliyetiwa hatiani amlipe aliyemdhuru. Lakini akiwa hajulikani, amekimbia au hana kitu, hatuna mfuko wa serikali unaolipa kwa jumla mahali pake. Mahakama ya Kadhi nayo haisikilizi jinai. Kazi yake ni ndoa, talaka, malezi, mirathi na mfano wa hayo.

Kwa hivyo tunanasihi: msiyamalize majumbani kwa muhali. Mara ngapi mtoto kadhulumiwa, wazee wakakaa barazani, ikapokewa pesa ya kunyamazia, na yeye mwenye maumivu asipate hata senti! Hiyo ndiyo pesa ya kuiogopa. Nendeni polisi, chukueni PF3, mfike hospitali siku ile ile. Wanawake na watoto wafikishwe kituo cha Mkono kwa Mkono. Bila ya karatasi hizi, haki hukwama hapa na huko pia.

Na wenye mamlaka tunawakumbusha kisa cha Khaybar: kutojulikana muuaji hakukumfanya Mtume (SAW) awaache wafiwa mikono mitupu.

Wallahu aalam.