Mawe ya Buluu ya Prieska

Katika nchi kame ya kaskazini mwa Rasi, huko Afrika Kusini, baina ya Prieska na Kuruman, ambako kampuni iliyoundwa London mwaka 1893 ilichimbisha asbesto ya buluu, wanawake, na watoto wao kando yao katika vumbi lile lile, waliyaponda mawe kwa nyundo ili kuzitenga nyuzi zake zisizoungua kwa moto. Nyuzi hizo zikivutwa na pumzi hufika hata utando uzungukao mapafu, zikakaa humo pengine miaka 30 au 40, ndipo izuke saratani iitwayo mesothelioma.

Mwaka 1960 tabibu J. C. Wagner, pamoja na wenziwe Sleggs na Marchand, alidhihirisha habari za wagonjwa 33 wa saratani hiyo, takriban wote wakiwa na uhusiano na asbesto ya Rasi, na miongoni mwao wakiwamo wasiopata kamwe kufanya kazi ya machimbo, ila waliishi jirani nayo tu. Dhuluma waliyotendewa majirani hao yanihuzunisha kupita zote, kwani mchimbaji walau alilipwa ujira.

Afrika Kusini iliiharamisha asbesto mwaka 2008. Nawe msomaji, ukiwa na paa kuukuu la asbesto, nakusihi usilikate kwa msumeno wala usilivunje, nyuzi hizo zisije zikaruka hewani ukazivuta.