Mji Mpya wa Basili na Vizingiti vya Bijombo



Mnamo miaka ya 368 na 369 njaa kali iliikumba Kaisaria ya Kapadokia, katika nchi iitwayo leo Uturuki. Wenye nafaka walifunga ghala zao wakingoja bei ipande, na padre mmoja, Basili, akawakaripia mbele ya waamini wote. Alipofanywa askofu mwaka 370, alianza kujenga nje ya mji nyumba za wasafiri, za wagonjwa, na za wakoma waliopoteza vidole na miguu, ambao hata jamaa zao waliwakataa. Kando ya nyumba hizo aliweka mafundi wa kazi mbalimbali.

Watu walinung'unika, kama wanavyonung'unika popote fedha inapotumika. Mashtaka yakamfikia mtawala wa jimbo, Elia. Basili alimwandikia akiuliza ni nani aliyedhulumiwa na majengo yale, akaongeza kuwa ni pambo la mahali na sifa kwa mtawala mwenyewe. Rafiki yake, Gregori wa Nazianzi, aliyaita mji mpya. Wanahistoria husema kwamba baadaye mji wenyewe ulisogea polepole ukayazunguka.

Naipenda habari hii, lakini naona kazi ile ilitegemea sadaka za wenye mali, na sadaka ikitumika imekwisha. Ilibidi kungoja muda mrefu hadi Wafransisko wa Italia, huko Perugia mwaka 1462, walipoanzisha mfuko wa kuwakopesha maskini kwa rehani. Aliyekopa alirudisha, na mwingine akakopa. Wapo waliolalamika kuwa hiyo ni riba, kwa sababu mkopaji aliongeza kiasi kidogo cha kugharimia kazi ya mfuko. Mtaguso wa tano wa Laterano, mwaka 1515, chini ya Papa Leo X, ukaamua kwamba si riba. Na mwaka 1991 Papa Yohane Paulo II alifundisha kuwa kuchagua mahali pa kuwekeza mali ni tendo la kimaadili, si hesabu tupu.

Nayakumbuka haya yote kwa sababu ya nyumba zetu. Vita katika milima hii vimeteketeza vijiji vingi, hasa tangu mwaka 2019, na kila familia inayorudi Bijombo hujenga upya. Ndipo tunapoamua, mara nyingi bila kufikiri, nani ataweza kuingia ndani. Nchi yetu ina sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu. Nayo haitatuchimbia msingi.

Vikundi vyetu vina likelemba na mifuko ya akiba. Fedha hiyo huenda kwenye maharagwe au ng'ombe, na sioni ubaya. Lakini mwenye magongo anapoomba mkopo wa mabati, husikia kwamba hataweza kulipa. Je, tumewahi kuuliza kwa nini? Fundi cherehani anayehitaji kubebwa ili avuke kizingiti chake hawezi kupokea wateja wala kufika sokoni. Nyumba anayoweza kuingia na kutoka mwenyewe ndiyo karakana yake, na karakana hulipa deni. Basili aliweka mafundi pale pale kwenye makao.

Gharama ni ndogo ikiwa imefikiriwa mapema. Mlango uwe na upana wa sentimita 80 usio na kizuizi. Palipo na kimo cha sentimita 10, njia ya mteremko iwe na urefu wa sentimita 120. Kwenye miteremko yetu yafaa kuweka mlango upande wa juu, sakafu ilingane na ardhi, lakini mfereji wa mvua uchimbwe kwanza, la sivyo maji yote ya mlima yatakuwa wageni wa kwanza. Kabla ya kugawa mikopo ya mabati mwaka huu, mtunza hazina amwulize kila mwombaji mlango wake utatazama wapi.