Una sarafu ya zamani yenye simba? Cheki kwanza ni simba yupi

Sarafu ya mkoloni ikitoka kwenye sanduku la bibi, iwe Kasulu, Kibondo au Nduta, swali huwa moja: hii ni fedha kweli? Jibu linategemea mnyama aliyechorwa, na mwaka.

Simba wa Mjerumani
Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia mwaka 1890. Upande mmoja yupo Kaiser Wilhelm II, kofia yake ina tai juu. Upande wa pili yupo simba na mti kama mnazi. Rupia moja ina gramu 11.66, na karibu asilimia 92 ni fedha. Kuanzia 1904 serikali ya Kijerumani ikatoa rupia zake, simba akaondolewa.

Simba wa Mwingereza
Huyu ndiye anayechanganya watu. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921, ina simba na milima nyuma yake. Uzito ni kama gramu 7.8. Za mpaka 1946 zina fedha robo tu. Za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa, ni shaba na nikeli.

Tembo wa Tabora
Mwaka 1916, vita ikiwa imewabana, Wajerumani walitengeneza sarafu Tabora kwenyewe. Ile ya rupia 15 ni ya dhahabu, asilimia 75, ina tembo, mlima na herufi T. Zilitoka elfu 16 na ushee, kisha Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Kwa kuwa inatafutwa sana, feki nazo ni nyingi.

Kabla hujauza
Soma mwaka, kisha pima kwenye mzani wa sonara. Uzito ukipishana sana na huo, shtuka. Sumaku ikiinasa, siyo fedha wala dhahabu. Isiponasa bado siyo ushahidi, maana mchanganyiko wa shaba na nikeli wa sarafu hizo nao haunasi.

Usiisugue kwa mchanga wala majivu ili ing'ae. Wakusanyaji wanalipia mwaka na hali ya sarafu, na mikwaruzo inashusha bei.

Na usikubali iyeyushwe haraka. Sonara anakulipa gramu za fedha tu, wakati sarafu ya mwaka adimu inaweza kuzidi bei hiyo mara kadhaa. Ikishayeyuka, simba harudi.